Kusoma Kinyago cha Ujamaa

Mtindo wa vinyago vya watu waliobebana ulianzishwa na Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji Mmakonde aliyetoka Msumbiji. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, ukajulikana kwa jina la Ujamaa.

Anza kutazama chini: waliopo kwenye shina ndio wanaobeba wengine. Panda taratibu. Mikono imeshika visigino. Mama ana mtoto mgongoni. Juu kabisa mara nyingi hukaa mzee au kiongozi, naye amesimamishwa na migongo ya walio chini. Wote wametoka kwenye gogo moja, hivyo huwezi kumng'oa mmoja bila kuwavunja wenzake.

Sehemu nyeusi ni kiini cha mpingo, mti unaoota katika misitu ya Kilwa na Lindi, mkoa wa Lindi. Ukanda mweupe ni mti wa nje, chini ya gome.

Kama kinyago hiki, wachoraji wa Ulaya nao walisema kwa mafumbo. Mwaka 1638 Peter Paul Rubens alichora vita kwa sura ya Mars, mungu wa vita wa Warumi, akikanyaga kitabu huku Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akimshika mkono asiende. Picha ile humtaka mtazamaji ajue hadithi za Warumi. Kinyago humtaka ajue maisha ya ukoo.