Elimu ya Nyuki: Kutoka Porini hadi Chuoni

Kabla ya kuwepo chuo chochote, Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na shule yao ya nyuki. Kijana aliandamana na baba au babu yake porini, akajifunza kuchonga mzinga wa gogo, kuutundika mtini na kurina asali kwa moshi, mara nyingi usiku. Hakupewa cheti, ushahidi wa ujuzi wake ulikuwa mizinga iliyoingiwa na nyuki.

Shule hiyo ilitegemea miti, na miti ya Shinyanga ilitoweka. Tangu miaka ya 1920 mapori yalifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha yakafuata mashamba ya pamba na mahitaji ya kuni. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Miti ikaota upya, na wanavijiji wakapata tena mahali pa kutundika mizinga.

Wakati huo njia ya darasani ilikuwa imekwisha kufunguliwa katika Chuo cha Nyuki Tabora, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mhitimu wa kidato cha nne mwenye ufaulu unaotakiwa huanza na Astashahada, kisha huendelea na Stashahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hutoa Shahada. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria Na. 15 ya mwaka 2002 ziliipa kazi hii msingi imara. Mkulima asiyeweza kwenda chuoni hufundishwa kijijini, katika kikundi, na afisa nyuki wa wilaya.

Elimu mpya ilisahihisha jambo moja la kale: mzinga wa magome huua mti uliobanduliwa, ilhali mzinga wa sanduku hudumu miaka mingi. Hata hivyo, Kahama na Geita dhahabu huwavuta vijana. Mti ambao ungebeba mzinga hukatwa kuwa matimba ya kushikiza maduara ya wachimbaji wadogo, au huchomwa mkaa. Mchimbaji hutumaini fedha ya leo. Mfuga nyuki hungoja maua ya msimu.

Kwa sababu hiyo, mzee ajuaye miti na kijana mwenye Stashahada wanahitajiana. Cheti hakimfai mtu aliyekosa mti wa kutundikia mzinga, na ujuzi wa wazee hautarithiwa iwapo hakuna kijana wa kuupokea.