Riwaya Moja, Lugha Nyingi: Historia ya Filamu za Devdas na Funzo Lake kwa Upangaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwaka 1935 studio ya New Theatres ya Calcutta ilitoa filamu ya mapenzi iliyotokana na riwaya ya Devdas ya Sarat Chandra Chattopadhyay. Studio hiyo haikutosheka na filamu ya Kibengali, lugha ya riwaya yenyewe. Iliitengeneza pia kwa Kihindi, ikabadilisha mwigizaji mkuu na kuandika mazungumzo upya. Tangu wakati huo kisa hicho kimerudiwa katika lugha kadhaa za Asia ya Kusini, na sehemu ya historia yake inagusa pwani ya Afrika Mashariki.

Makala hii inatetea hoja moja: kilichoifanya Devdas iwe mali ya watu wengi si utamu wa kisa peke yake, bali ni kazi ya lugha iliyofanywa kila kisa kilipohamishwa. Hoja hiyo inawahusu wapangaji wa Kiswahili. Ukanda huu una riwaya nzuri na una watazamaji wengi, lakini kazi ya kuzihamisha riwaya kwenye filamu huachiwa soko na juhudi za watu binafsi.

2.0 Riwaya na kizuizi chake

Chattopadhyay (1876–1938) aliiandika Devdas akiwa kijana, mwanzoni mwa karne ya 20, na ikachapishwa mwaka 1917. Devdas ni mwana wa kabaila wa kijiji cha Bengal. Parvati ni binti wa jirani. Wamekua pamoja na wanapendana. Wazazi wa Devdas wanakataa ndoa kwa sababu ukoo wa Parvati, ingawa nao ni wa tabaka la Brahmini, una desturi ya kupokea fedha kwa ajili ya mabinti wake, jambo linaloushusha hadhi. Parvati anathubutu kumwendea Devdas usiku ili waamue pamoja. Devdas anasitasita. Parvati anaozwa kwa mjane mzee mwenye mali, naye Devdas anazama katika ulevi huko Calcutta. Chandramukhi, mwanamke wa danguro, anampenda bila kupendwa kwa kiasi kilekile. Mwishoni Devdas anafia karibu na nyumba ya Parvati.

Kwa hiyo riwaya hii haihusu mapenzi yaliyokosa bahati. Inahusu mwanamume aliyekuwa na nafasi ya kuamua asiamue, na utaratibu wa ndoa uliompa kisingizio. Kila mwongozaji aliyefuata alilazimika kujibu swali hili: je, mtazamaji asiyeijua Bengal ya kikabaila atauelewaje ukuta uliowatenganisha wawili hao?

3.0 Calcutta, 1935

Devdas ilikwisha kutengenezwa kama filamu isiyo na sauti mwaka 1928, chini ya uongozaji wa Naresh Mitra. Sauti ndiyo iliyozua suala la lugha. Filamu bubu iliweza kubadilishiwa maandishi na kuonyeshwa popote. Filamu yenye sauti ilimtaka mtayarishaji achague watu anaosema nao.

New Theatres, iliyoanzishwa mwaka 1931 na B. N. Sircar, ilichagua kusema na makundi mawili. Pramathesh Chandra Barua aliongoza filamu zote mbili, na katika ile ya Kibengali aliigiza mwenyewe kama Devdas. Katika ile ya Kihindi nafasi hiyo alipewa K. L. Saigal, mwimbaji aliyezaliwa Jammu, mbali na Bengal. Kidar Sharma aliandika mazungumzo na nyimbo za Kihindi. Jamuna aliigiza kama Parvati katika filamu zote mbili.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Ilibidi maonyesho yapigwe picha mara ya pili na mwandishi wa pili alipwe. Faida yake ni kwamba mtazamaji wa Kihindi hakupewa tafsiri ya filamu ya wengine. Alipewa filamu iliyoandikwa kwa lugha yake. Nyimbo za Saigal zilisambazwa kwa santuri na kufika hata kwa watu ambao hawakuiona filamu.

4.0 Kuvuka mipaka

Mwaka 1953 Vedantam Raghavayya alikihamishia kisa hiki katika Kitelugu na Kitamil, Akkineni Nageswara Rao akiwa Devdas. Mwaka 1955 Bimal Roy, aliyekuwa mpiga picha wa filamu ya Saigal, aliitengeneza upya Bombay kwa Kihindi. Mazungumzo aliyaandika Rajinder Singh Bedi, mwandishi mashuhuri wa Kiurdu, na mashairi ya nyimbo aliyatunga Sahir Ludhianvi. Dilip Kumar alikuwa Devdas, Suchitra Sen kutoka Bengal alikuwa Parvati, na Vyjayanthimala, mzaliwa wa kusini, alikuwa Chandramukhi. Baadaye Vyjayanthimala alikataa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi, akishikilia kwamba nafasi yake ilikuwa na uzito sawa na ya Parvati.

Baada ya India kugawanywa mwaka 1947, Pakistan ilitoa Devdas yake mwaka 1965, na Bangladesh ikatoa yake mwaka 1982. Nchi tatu zilizotengana kwa umwagaji damu ziliendelea kukiona kisa kimoja kuwa chao.

5.0 Kinachopotea

Uhamishaji huo haukukosa hasara. Katika filamu ya Sanjay Leela Bhansali ya mwaka 2002, Devdas anarudi kutoka London badala ya Calcutta, na ukuta wa ndoa unaelezwa kwa nasaba ya mama yake Parvati, anayetokana na wachezaji ngoma. Parvati na Chandramukhi wanacheza pamoja mbele ya watu, jambo lisilokuwamo riwayani. Katika riwaya Devdas anampiga Parvati usoni kwa ufito wa ndoano. Katika filamu anamjeruhi kwa mkufu. Kovu linabaki, lakini ukatili umevikwa pambo. Fahari ya majumba na mavazi inamfanya mtazamaji asahau kwamba mwandishi alikuwa akishutumu desturi ya ndoa inayopimwa kwa fedha. Kwa hiyo anayehamisha riwaya huchagua pia ni shutuma ipi ibaki na ipi ififie.

6.0 Afrika Mashariki

Mwaka uleule wa 1935, Tanganyika ilikuwa na jaribio lake la filamu. Mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu kati ya 1935 na 1937, nyingi zikihusu kilimo na afya. Maelezo yake yalirekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine za ukanda huu. Kwa hiyo Kiswahili kiliingia katika filamu mapema, lakini kama lugha ya maelekezo. Mapenzi, huzuni na ugomvi wa koo viliachwa nje.

Pengo hilo lilizibwa na filamu kutoka India. Katika majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa zilitazamwa hata na watu wasiojua Kihindi, waliofuata kisa kwa macho, kwa nyimbo na kwa kusimuliana. Watunzi wa taarabu walichukua lahani za filamu hizo wakazitungia mashairi ya Kiswahili. Hivyo watu wa pwani walifanya wenyewe, upande wa wimbo, kazi ambayo New Theatres iliilipia upande wa mazungumzo.

Hatua iliyokaribia zaidi mfano wa Calcutta ni filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Yasmini, msichana wa Kizanzibari mwenye asili ya Kihindi, ameozwa kwa mwanamume mzee kama Parvati. Tofauti ni kwamba yeye anaondoka, na mapenzi yake na Denge yanaingia katika harakati za kupinga ukoloni. Filamu hiyo ya Kiswahili ilionyeshwa katika tamasha la Toronto bila kuacha lugha yake.

7.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba maandishi ya tafsiri chini ya picha yanatosha na ni nafuu. Yanatosha kwa mtazamaji wa tamasha anayesoma upesi. Hayamtoshi mtazamaji wa kijijini asiyesoma kwa wepesi, wala hayazai wimbo unaobaki mdomoni.

Historia ya Devdas inaelekeza kwenye mambo mawili. Kwanza, vyombo vya Kiswahili vya nchi jirani viutambue muswada wa filamu kuwa kazi ya lugha inayostahili mwandishi, mhariri na malipo, kama vinavyoitambua kamusi. Pili, riwaya za Kiswahili zinapohamishwa, lahaja na mazingira ya kila nchi yapewe nafasi katika mazungumzo, ili mtazamaji wa Bujumbura au Lubumbashi asijione mgeni. Bila hatua hizo, riwaya bora za Kiswahili zitaendelea kusomwa kwa ajili ya mtihani na kuwekwa kando mtihani unapokwisha.