Kitanzi kimoja: historia fupi ya kroshia na njaa ya Ireland

Chukua uzi na kroshia, yaani ile sindano fupi yenye ndoano nchani. Funga kitanzi, kivalishe kwenye ndoano, zungushia uzi, kisha uvute upite ndani ya kitanzi. Umepata kitanzi kipya. Rudia mara ishirini, una mnyororo. Sasa ingiza ndoano kwenye jicho la mnyororo, vuta uzi, utakuwa na vitanzi viwili. Zungushia uzi tena, uvute upite ndani ya vyote viwili. Huo ni mshono wako wa kwanza. Ukizungushia uzi kabla ya kuingiza ndoano, unapata mshono mrefu zaidi. Mengine karibu yote yanajengwa juu ya hapo.

Mimi nilifundishwa na mama mdogo likizo iliyopita. Mnyororo wangu ulijikunja kama mkia wa kinyonga. Akacheka, akavuta ncha ya uzi, kazi ya nusu saa ikafumuka mbele ya macho yangu. "Anza tena," akasema, "uzi si upo?" Niliumia kidogo, lakini alichonionyesha ni jambo la msingi: katika kroshia, kila mshono ukikamilika kuna kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Mengine yote yameshafungwa. Shika hilo, maana ndilo litakalotusaidia kuielewa historia yenyewe.

Pengine unadhani kroshia ni ya kale sana, kwa sababu inaonekana rahisi na tumeikuta nyumbani kwenye vitambaa vyeupe vya makochi. Kumbe ni changa. Mtafiti Lis Paludan wa Denmark alitafuta chimbuko lake kwa miaka mingi, na hakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba ilifumwa Ulaya kabla ya mwaka 1800. Maelekezo ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa yalitoka katika jarida la Kiholanzi, Penélopé, mwaka 1823. Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake kindoano.

Sasa twende Ireland. Mwaka 1845 viazi mviringo vilianza kuoza mashambani. Mhusika ni kimelea kinachoitwa Phytophthora infestans, ambacho mpaka leo kinawasumbua wakulima wa viazi, wakiwemo wa huku kwetu. Mamilioni ya maskini wa Ireland walitegemea viazi karibu kwa kila mlo. Kufikia 1852, watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wamehama nchi. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8. Ile ya 1851 ilikuta kama milioni 6.5.

Katikati ya balaa hilo, watu mbalimbali walitafuta kazi ambayo mwanamke angeweza kuifanya nyumbani ikamletea fedha taslimu. Huko Blackrock, karibu na Cork, watawa wa Ursuline walifundisha kroshia. Katika mji wa Clones, kaskazini, kazi hiyo ilianzishwa na Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Anglikana, aliyefika hapo mwaka 1847.

Kwa nini kroshia? Lesi ya kifahari wakati huo, kama ile ya Venice, ilishonwa kwa sindano ya kawaida, tundu kwa tundu. Ilichukua muda mrefu mno kujifunza, na muda mrefu zaidi kuimaliza. Mtu mwenye njaa hana miezi ya kusubiri. Kroshia inaiga sura ya lesi hiyo, lakini inakwenda haraka zaidi. Vifaa ni ndoano moja na uzi. Na hapa ndipo kile kitanzi kimoja kinapoingia. Ukikosea, unafumua na uzi uleule unatumika tena. Ukiitwa kumhudumia mgonjwa, unaweka chini, ukirudi unaendelea palepale.

Kisha wakagawana kazi. Badala ya mtu mmoja kufuma kola nzima, huyu alifuma mawaridi, yule majani, na mwingine akaviunganisha kwa wavu mwembamba wa minyororo. Binti aliyejua umbo moja tu alikuwa tayari na kitu cha kuuza. Haishangazi kwamba familia zilificha maumbo yao kama siri ya biashara.

Tusipambe mambo, lakini. Kroshia haikuizuia njaa, takwimu hapo juu zinatosha kusema hivyo. Wafumaji walilipwa kwa kipande, bei ikapangwa na wanunuzi wa mbali, na soko lao lilipanda na kushuka kulingana na mitindo ya matajiri. Ilichofanya ni kuzipa baadhi ya familia chakula na kodi ya nyumba pale ambapo shamba halikutoa kitu. Waliohama waliondoka na ujuzi huo mikononi.

Kuna kingine ambacho nilipokisoma nilirudia mara mbili. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na Mwingereza William Lee mwaka 1589. Kwa kroshia, mpaka leo viwanda havina mashine inayofanya kazi ya mkono. Zipo mashine zinazouzwa kwa jina hilo, ila zinafunga nyuzi kwa namna nyingine kabisa, na watafiti wamefikia mifano ya maabara tu. Sababu ni ileile. Soksi ina mstari mzima wa vitanzi vilivyo wazi, kwa hiyo unaweza kupanga sindano nyingi, kila moja na kitanzi chake, zote zikarudia tendo moja. Kroshia ina kitanzi kimoja, na ndoano lazima itafute tundu lake ndani ya kitambaa kilichokwisha fumwa, tena kwa pembe inayobadilika kila mara. Vidole vyako vinalijua tundu hilo kwa kugusa tu. Kuifundisha mashine hilo ni kazi ngumu.

Maana yake ni hii: blauzi ya kroshia unayoiona dukani, hata ikiwa ya bei ya kutupa, imefumwa na mtu, mshono mmoja baada ya mwingine. Kama hujui ni saa ngapi hizo, fuma kipande cha ukubwa wa kiganja chako huku ukiangalia saa. Cha kwangu kilinichukua dakika arobaini, na pembeni kimepinda. Halafu rudi dukani ukaisome ile bei tena.