Zumari na Darubini

Kijana yeyote aliyepita sekondari anaujua ule mstari. Huku wa sayansi, kule wa sanaa. Wa sayansi wanaambiwa wana akili. Wa sanaa wanaulizwa watakuja kula nini. Na yule mwenye gita mgongoni na kitabu cha fizikia mkononi anaonekana kama mtu aliyefika stendi asijue apande basi lipi.

Basi ngoja nikusimulie habari ya orkestra moja ya ukoo, ndugu msomaji. Orkestra hiyo iliupanua ulimwengu wa jua maradufu, na waliofanya hivyo walikuwa watu wa kulipwa kwa wimbo.

Mzee Isaak Herschel alikuwa mpiga obo katika bendi ya jeshi mjini Hannover, Ujerumani. Obo ni ndugu wa zumari letu la pwani: lina ulimi wa matete, na pumzi ndiyo kila kitu. Mzee huyu hakuwa na mali, ila nyumbani kwake usiku ulikuwa wa mabishano: muziki, falsafa, nyota. Usiku mmoja wa baridi kali alimtoa nje bintiye mdogo, Caroline, akamwonyesha makundi ya nyota angani. Wanawe wa kiume aliwafunza vyombo. William, aliyezaliwa mwaka 1738, aliingia bendi ya jeshi akiwa na umri wa miaka 14. Mwaka 1757, baada ya vita kuwageukia vibaya watu wa Hannover, kijana alikimbilia Uingereza, riziki yake ikiwa vidoleni na mdomoni.

Alihangaika. Alinakili nota, akaongoza bendi za miji ya kaskazini, akatunga simfonia. Zote kwa jumla ni 24. Mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa huko Bath, mji wa matajiri waliofuata maji ya moto ya chemchemi. Huko alifundisha, akaongoza kwaya, akaandaa matamasha. Msimu ukichanganya, alikuwa na masomo zaidi ya 30 kwa wiki. Si mchezo.

Sasa, mtu kama huyu aliingiaje kwenye nyota? Kwa mlango wa muziki. Alitaka kujua kwa nini sauti mbili zikikutana zinapatana au zinagombana, akasoma kitabu cha Robert Smith, profesa wa Cambridge, juu ya hesabu za sauti. Kumbe profesa huyohuyo alikuwa ameandika kitabu kingine juu ya mwanga, vioo na darubini. William akakifuata. Kutoka hapo hakulala vizuri tena.

Mwaka 1772 alikwenda Hannover kumchukua Caroline. Dada huyu alikuwa amepata homa kali utotoni, akabaki mfupi, kiasi cha sentimeta 130 tu. Mama yake alikwishaamua: huyu ataolewa na nani? Abaki jikoni. Ilibidi William atoe fedha za kumlipa mtumishi ndipo mama akubali kumwachia binti. Fikiria hilo: dada mtu akombolewe kutoka kwenye masufuria ya mama yake.

Huko Bath Caroline alijifunza kuimba, Kiingereza, na hesabu za nyumba. Kufikia mwaka 1778 alikuwa mwimbaji wa mbele katika kazi kubwa za Handel, kaka yake akiongoza. Akaalikwa akaimbe Birmingham. Akakataa, kwa kuwa hakutaka kuimba chini ya kiongozi mwingine.

Ndugu yao Alexander, mpiga selo, alikuwa fundi wa mikono. Nyumba ikageuka karakana. Vioo vya darubini wakati ule vilikuwa vya shaba na bati; viliyeyushwa, vikamiminwa kwenye kalibu, kisha vikasuguliwa kwa mkono hadi ving'ae. Ukiacha kusugua, kazi imeharibika. Kuna siku William alisugua saa 16 bila kuondoa mikono. Caroline alimlisha tonge kwa tonge, na saa nyingine kama hizo alimsomea hadithi, zikiwemo za Alfu Lela Ulela. William alitoka ukumbini akakimbilia vioo bila kubadili nguo, na lesi za mikono ya shati lake la tamasha zikararuka au zikarukiwa na lami ya moto. Mwaka 1781 walijaribu kumimina kioo kikubwa ndani ya nyumba, kwenye kalibu ya samadi ya farasi. Kalibu ikavuja, madini yakamwagika sakafuni, mawe yakapasuka na kuruka hadi darini. Watu wakatimua mbio.

Lakini kwa kioo kidogo cha kipenyo cha kama sentimeta 16, usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa bustanini nyuma ya nyumba yao, William aliona nukta isiyofanana na nyota. Alidhani ni kometi, ile nyota yenye mkia. Wataalamu wa hesabu walipoifuatilia njia yake waligundua ni sayari. Tangu wahenga waanze kutazama mbingu, hakuna aliyewahi kugundua sayari mpya. Leo tunaiita Uranus, na iko mbali na jua takriban mara mbili ya Zohali.

Kuna watu waliosita kuamini kwamba mpiga kinanda ameona wasichokiona mabingwa. Katika barua moja William alieleza kwamba kuona ni sanaa inayofundishwa. Kumtaka mtu aone haraka kwa darubini kali ni sawa na kumtaka apige papo hapo kazi ngumu ya Handel kwenye kinanda. Hapo ndipo penye siri yote. Mtu aliyezoea kurudia mstari mmoja wa nota mara mia hachoki kurudia kipande kimoja cha mbingu.

Mfalme George wa Tatu akampa paundi 200 kwa mwaka. Zilikuwa pungufu kuliko alizopata kwenye muziki, hata hivyo alizipokea, na mwaka 1782 orkestra ikavunjika. Hapa ndipo habari inapokuwa chungu. William alichagua. Caroline hakuulizwa. Sauti yake, aliyoipata kwa jasho la miaka 10, ilinyamazishwa ili awe msaidizi wa kuandika namba gizani.

Hakukaa akilia. Kati ya mwaka 1786 na 1797 aligundua kometi nane. Mwaka 1787 mfalme akaanza kumlipa paundi 50 kwa mwaka, akawa mwanamke wa kwanza Uingereza kulipwa kwa kazi ya sayansi. Mwaka 1828 alipewa nishani ya dhahabu na chama cha wanaanga wa London. Alifariki mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 97.

Tangu hapo mstari ule umevukwa mara nyingi. Ronald McNair, daktari wa fizikia, alipuliza saksafoni angani mwaka 1984. Alipangiwa kupiga tena katika tamasha la Jean-Michel Jarre, yeye akiwa juu na umati ukiwa chini mjini Houston. Tarehe 28 Januari 1986, chombo chao Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa wote saba. Brian May aliacha utafiti wa vumbi la anga mwaka 1974 kwa ajili ya kundi la Queen, alilokuwa nalo pamoja na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Alirudi, na mwaka 2007 akapata udaktari wake. Zaidi ya miaka 30 imepita, na vumbi lilikuwa bado linamsubiri.

Lakini mimi namrudia Caroline, kwa sababu kuna jambo moja linalotuhusu sisi tunaoshika kalamu. Mwaka 1788 kaka yake alioa, na dada akahama nyumba aliyoitumikia. Aliandika kumbukumbu za miaka ile, kisha akaziharibu mwenyewe. Tunazo kometi zake zote, saa na dakika. Ila uchungu wa binti aliyenyang'anywa wimbo wake, kwa maneno yake mwenyewe, hatutausoma kamwe.

Kwa hiyo, wewe mwenye daftari chini ya godoro, uwe wa sayansi au wa sanaa: usilichome.