Trekta Likiondoka, Mashine Ibaki

Ukishuka Itigi na kufuata barabara ya Rungwa utapita Mitundu, kwa mjomba wangu. Sisi vijana wa mjini tukisikia Singida tunawaza kuku na alizeti, basi. Mimi nilikwenda huko likizo, nikakuta somo la historia limefungwa boliti kwenye fremu ya chuma.

Ilikuwa mashine ya kupukuchulia mahindi. Zamani ilikaa nyuma ya trekta, ikizungushwa na ile shafti ambayo mafundi huiita pitio. Taabu ni kwamba trekta lilikuwa la mtu mwingine. Mwenye nalo akipata kazi ya kulima au kubeba magunia, mashine inalala. Mahindi yanasubiri, lakini fukusi hawasubiri.

"Mjomba," aliniambia, "hii mashine ni nzima. Haina miguu yake tu."

Shafti hiyo ni ya siku nyingi. Kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza trekta lenye shafti ya namna hiyo mwaka 1918. Kabla ya hapo mashine nyingi za shambani zilivutwa tu, zikapata nguvu kutoka kwenye magurudumu yao yaliyokanyaga ardhi. Yakiteleza kwenye tope, kazi imeisha. Baadaye wahandisi wakakubaliana kasi moja, mizunguko 540 kwa dakika, ili mashine ya huyu ifungwe kwenye trekta la yule.

Mjomba alianza na namba hiyo hiyo. Injini yake ya dizeli, silinda moja, mtumba, huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Ukiiunga moja kwa moja utavunja mashine, na pengine mtu. Akaweka puli ndogo kwenye injini, na kwenye mashine puli yenye upana karibu mara nne ya ile, kisha mkanda katikati. Akachomelea fremu nzito isitetemeke, na mkanda akaufunika kwa bati watoto wasinaswe.

Sasa twende Kongwa, mwaka 1947. Waingereza wanataka karanga za mafuta, na matrekta ni adimu baada ya vita. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikavua mizinga na kuvigeuza matrekta. Yakaitwa Shervick. Wazo lenyewe halikuwa baya, jamani! Chombo cha kuua kigeuzwe cha kulima, nani atakataa? Lakini vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi migumu, na udongo wake wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama tofali. Mvua haba, vipuri haba. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Wakapanda kama 7,500. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimekwenda na maji.

Kugeuza mashine walijua wote, London na Mitundu. Tofauti naiona kwenye swali la kwanza. Kule waliuliza: tuna chombo gani? Mjomba aliuliza: kazi yenyewe inataka kasi gani, na ikiharibika nitapata wapi kipuri?

Siku ya kwanza mkanda uliteleza, watu wakacheka. Akaukaza. Jioni magunzi yalikuwa yamerundikana uani, na foleni ya magunia ilifika barabarani. Nilipotazama vizuri nikamwona mwenye trekta naye yumo kwenye foleni, amekalia gunia lake.

Wenzangu mnaoshika kalamu, kwenye vitabu vya historia ya karanga mtamkuta Strachey, waziri wa chakula wa Uingereza. Fundi wa kijijini hamtamkuta. Naye anazeeka. Nani ataandika habari zake, kama si sisi aliotukalisha juu ya gunia akatueleza puli inavyofanya kazi?