Ng'ombe, Mahari na Mkosaji: Jinsi Lawama ya Ndoa Ilivyotafutwa

Zamani Usukumani, mke alipofunga virago na kurudi kwao, wazee hawakukaa kitako kujadili mapenzi yaliyopoa. Walijadili ng'ombe. Mahari iliyotolewa siku ya ndoa mara nyingi ilikuwa imekwisha kusambaa: ng'ombe hawa wamemwolea mke kaka yake bibi arusi, wale wamelipa deni la ukoo, na waliobaki zizini wamezaa. Kuwarudisha wote kungeweza kuitikisa hata nyumba ya pili, ambayo haikuwa na ugomvi wowote. Ndiyo maana ilibidi kwanza ijulikane nani amekosa. Kama kosa ni la mke, mahari irudi. Kama ni la mume, haki yake ya kuidai inapungua au inakwisha kabisa. Watoto waliozaliwa nao walihesabiwa, kwa kuwa kila mtoto alipunguza deni.

Mtu aliyeziandika kwa kina taratibu za aina hii ni Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika kama mtafiti wa mila. Kitabu chake kuhusu sheria za Wasukuma kilitoka mwaka 1953, baada ya kile cha Wahaya alichoandika na mwenzake. Baada ya uhuru, serikali ilijenga juu ya kazi hiyo hatua kubwa zaidi: kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziwe sheria moja. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 1963 katika Tangazo la Serikali Na. 279, na humo suala la mahari na mwenye kosa likapata vifungu vyake. Lililokuwa neno la wazee chini ya mti sasa likawa neno la hakimu wa Mahakama ya Mwanzo.

Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake, lakini aliyeumia zaidi ni binti. Baba aliyekwisha kuwatumia ng'ombe alikuwa na kila sababu ya kumwambia binti yake avumilie. Akipigwa, avumilie. Akitelekezwa, arudi akajaribu tena. Mzee huyo hakuwa lazima awe mkatili, alikuwa mdaiwa.

Pwani, mambo yalikwenda kwa hesabu nyingine. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe, si ya baba yake, na mume anaweza kutoa talaka bila kuthibitisha kosa lolote. Mzigo wa kuthibitisha humwangukia mke. Akitaka kadhi aivunje ndoa kwa faskhi, sharti aonyeshe madhara: hakulishwa, ametelekezwa, ameumizwa. Akishindwa kuonyesha, au asipotaka kuyaanika, hubaki njia ya khului, yaani kujikomboa kwa kumrudishia mume mahari au kumlipa kiasi watakachokubaliana. Hapo tena lawama na malipo vinatembea pamoja.

Kabla ya kufika huko, Kurani yenyewe, katika sura ya An-Nisaa, inaagiza wateuliwe wasuluhishi wawili, mmoja kutoka upande wa mume na mmoja upande wa mke. Agizo hilo linaanza na nia ya kupatanisha. Halianzi na kumsaka mkosaji. Lakini kwa mwanamke wa Mombasa au Unguja, kufika tu mbele ya kadhi kulikuwa na gharama yake. Alilelewa, na kufundwa na somo wake, kwamba siri za nyumba hazitoki nje. Kusema kwamba mume hamtunzi kulikuwa ni kuzitoa hadharani, na anayetoa siri huonekana naye ana kosa.

Hata hivyo walikwenda. Mtafiti Susan Hirsch, aliyefuatilia mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, aliwakuta wanawake ndio wengi wa wanaofungua kesi, na mara nyingi ndio wanaoondoka na walichokitaka. Erin Stiles alikuta hali kama hiyo Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja. Picha ya mwanamke wa pwani anayevumilia kimya haikulingana na madaftari ya mahakama.

Kipimo cha tatu kililetwa na Waingereza. Sheria yao ya mwaka 1857 iliruhusu mume kupata talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mke pekee, ilhali mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mume pamoja na jambo jingine zito, kama ukatili au kumtelekeza. Usawa katika hilo ulikuja mwaka 1923. Fikra yake ya msingi ilidumu kwa muda mrefu zaidi: talaka ni adhabu kwa mwenye kosa na tuzo kwa asiye na kosa. Waliofunga ndoa ya kanisani au ya serikali katika makoloni ya Afrika Mashariki walipimwa kwa fikra hiyo.

Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka, na mwaka uliofuata tume ikatoa ripoti iliyopendekeza sheria moja kwa wote. Jirani ndiye aliyeifanyia kazi. Serikali ya Tanzania ilitoa mapendekezo yake mwaka 1969, Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, nayo ikaanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei 1971. Kenya kwenyewe muswada ulikwama mwaka 1976 na tena mwaka 1979. Baadhi ya wabunge walilalamika kwamba ungemnyima mume nafasi ya kumtia mkewe adabu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ilipatikana mwaka 2014.

Sheria ya Tanzania ilibadilisha swali lenyewe. Hakimu haulizwi tena nani mkosaji, bali kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 66 kikatamka wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Na kabla ya kwenda mahakamani, kwa kawaida wanandoa hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati ya kusema hivyo, na linaweza kuambatanisha mapendekezo yake.

Lawama, hata hivyo, haikuhama nyumba. Uzinzi, ukatili na utelekezaji vimebaki kwenye orodha ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Mwanandoa bado anaweza kudai fidia kwa aliyezini na mwenzake. Na mahakama inapokadiria matunzo baada ya talaka, sheria inaiagiza izingatie pia kiwango cha kila mmoja katika kuivunja ndoa. Mezani, ng'ombe wamekuwa shilingi.

Kesi maarufu ya mwaka 1983 inaonyesha mvutano huo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Uamuzi huo umewafaa wanawake wengi waliofuata. Mke aliyekata rufaa hiyo mwenyewe hakupata mgawo zaidi: mahakama iliona amezitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia.

Kuna aina mbili za lawama hapa, na miaka yote hii zimechanganywa. Kipigo, kumnyima mtoto chakula, kumfukuza mtu nyumbani usiku: hayo yana mtendaji, na baraza lisiyafanye mambo ya kusameheana kwa ajili ya heshima ya ukoo. Lakini ndoa nyingi hufa kwa mengine, kwa umaskini, kwa safari ndefu za kazi, kwa mawifi na mashemeji, kwa watu wawili walioozwa kabla hawajajuana. Kumlazimisha mmoja wao abebe jina la mkosaji ili mwingine apate matunzo ni kuwafundisha wote wawili kusema uongo. Uingereza na Wales, ilikotoka ile fikra ya talaka kama adhabu, zimeruhusu tangu Aprili 2022 talaka isiyohitaji kumtaja mwenye kosa. Kifungu cha matunzo katika sheria ya 1971 kinastahili kufunguliwa tena, matunzo yapimwe kwa mahitaji na uwezo, na kosa la jinai lipelekwe kunakohusika.