Fosforasi: Mbolea inayopotelea chooni na gharama ya kuirejesha shambani

Na Mwandishi Wetu

FOSFORASI ni miongoni mwa virutubisho vitatu vikuu vya mimea, vingine vikiwa ni naitrojeni na potasiamu. Hakuna kirutubisho kingine kinachoweza kushika nafasi yake. Huchimbwa ardhini katika miamba ya fosfeti, kama ile ya Minjingu, mkoani Manyara.

Takriban asilimia 70 ya akiba inayojulikana ya miamba hiyo duniani ipo Morocco na Sahara Magharibi, eneo lenye mgogoro wa mamlaka tangu miaka ya 1970. Mwaka 2008, bei ya fosfeti ilivuka Dola 400 za Marekani kwa tani, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa chini ya Dola 100. Bei inapopanda kiasi hicho, wa kwanza kuumia ni mkulima mdogo, ambaye hulazimika kupanda bila mbolea.

Wakati huohuo, karibu fosforasi yote anayokula mtu mzima humtoka mwilini, na zaidi ya nusu yake hutoka kwa njia ya mkojo. Katika miji mingi huishia mitoni na ziwani, ambako hustawisha mwani na magugu maji, adha inayofahamika vyema kwa wavuvi wa Ziwa Victoria.

Uchumi wa mzunguko unalenga kukirudisha kirutubisho hicho shambani. Ujerumani, kwa kanuni ya mwaka 2017, iliamuru mitambo mikubwa ya majitaka kuanza kurejesha fosforasi ifikapo mwaka 2029. Hata hivyo, katika miji isiyo na mabomba ya majitaka, kazi hiyo huanzia chooni, na hapo ndipo linapozuka suala la nani aifanye.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Durban, Afrika Kusini. Baada ya mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2000 na 2001 katika jimbo la KwaZulu-Natal, Manispaa ya eThekwini ilijenga makumi ya maelfu ya vyoo vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, katika maeneo ya pembezoni ambako kufikisha mabomba kungegharimu fedha nyingi. Vyoo hivyo havitumii maji. Kila kimoja kina mashimo mawili. Moja likijaa hufungwa ili kinyesi kikauke, na jingine huanza kutumika.

Kati ya mwaka 2010 na 2015, mradi ulioitwa VUNA ulikusanya mkojo wa baadhi ya kaya hizo. Neno hilo la Kizulu lina maana ileile ya Kiswahili. Mkojo ukichanganywa na magnesiamu, chembechembe za struviti zenye fosforasi hutuama, kisha hukaushwa na kuwa mbolea.

Kitaalamu, jambo hilo liliwezekana. Kijamii, lilikuwa gumu zaidi. Awali kaya zenyewe ndizo zilizotakiwa kutapisha mashimo, kazi ambayo wengi waliiona kuwa ya aibu. Katika nchi ambayo ubaguzi wa rangi uliwaachia weusi vyoo vya ndoo, choo kisicho na maji kilichukuliwa na wakazi wengi kuwa choo cha maskini. Baadaye manispaa ilibeba jukumu la kutapisha.

Suala jingine ni malipo. Thamani ya mbolea inayotokana na mkojo wa kaya moja ni ndogo mno, na gharama ya kuusafirisha ni kubwa. Mauzo ya mbolea pekee hayatoshi kuwalipa wakusanyaji ujira wa haki na kuwanunulia glovu na buti. Fedha za umma zinahitajika, kama zinavyotumika kuendesha mabomba ya majitaka mijini.

Kuhusu usalama, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2006 unaelekeza mkojo unaochangwa na kaya nyingi uhifadhiwe miezi sita, katika nyuzijoto 20 au zaidi, kabla ya kutumika kwa mazao yote.

Kwa hiyo, urejeshaji wa fosforasi unaweza kumpunguzia mkulima utegemezi wa mbolea ya nje, kulinda maziwa na kuzalisha ajira. Lakini iwapo mzigo wake utaachiwa wakazi maskini peke yao, huku faida ikienda kwingine, watakuwa na haki ya kuukataa.